Krismasi Niliyofunga Mlango

Binti yangu Mghoi alinipigia simu mwanzoni mwa Desemba. Akaniuliza habari za magoti yangu, habari za mbuzi, habari za joto la Lodwar ambalo halijapata habari mpya tangu dunia iumbwe, na alipomaliza mzunguko huo wote ndipo akasema lililomfanya apige: "Mama, mwaka huu lile jiwe tunalifanyaje?" Nikamjibu nitafikiri. Wakati huo nilikuwa nimeketi sebuleni nikilitazama. Ni jiwe la laga tu, la mto mkavu, jeusi, zito kiasi cha kumfanya mtu mzima ainame kwa adabu, na hukaa nyuma ya mlango wangu wa mbele mwaka mzima likingojea siku moja ya kazi. Asubuhi ya Krismasi linasukumwa hadi kizingitini, mlango unaegemezwa juu yake, na haufungwi tena mpaka mgeni wa mwisho aende zake. Aliyekuwa akilisukuma ni Ekiru, baba yake Mghoi. Tulimzika Oktoba, kwao Lokiriama, na tangu siku hiyo nimekuwa nikipiga deki kulizunguka jiwe bila kuligusa.

Watoto wangu wanakijua kisa cha jiwe kama kichekesho, maana baba yao ndivyo alivyokisimulia, kila Krismasi, akiongeza chumvi kidogo mwaka hadi mwaka hata mbuzi wa kisa hicho akawa na ukubwa wa ndama. Sikumkosoa. Lakini yeye siku ile alikuwa nje ya mlango, na mimi nilikuwa ndani, na upande wa ndani sijausimulia kwa utulivu hata siku moja. Basi sasa nina utulivu kuliko ninavyouhitaji.

Mwaka wenyewe ni wa tisini na nne. Ya kukutana kwetu na ya harusi yetu kule Wundanyi nitayaacha. Harusi ni harusi, ila suti ya bwana harusi ilikuwa ya kuazima na ilimbana makwapani. Chumba chetu cha kwanza kilikuwa hapa hapa Lodwar, ng'ambo ya laga ya Kawalase, kimoja, cha mabati juu na mabati kandoni, kiasi kwamba mchana kilikuwa tanuri na usiku kila mtu alitoa kitanda chake uani. Mimi ni mtoto wa milima ya Taita. Kwetu ukungu huingia jikoni asubuhi, na mtu hulala na blanketi mbili. Nilifika Lodwar na blanketi zangu mbili, nikazikunja, nikazifanya kiti. Ekiru alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu mrefu, mpole, mwenye maneno machache ambayo aliyatumia kama mtu anayegawa maji ya mtungi wa mwisho. Mbele ya watu na hata tukiwa wawili aliniita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyosomea. "Mwalimu, chai iko?" "Mwalimu, mimi naenda." Nilikuwa na jina, nililopewa na bibi yangu, na mwaka huo mzima nilikuwa nikilisikia moyoni mwangu tu.

Kuta za mabati hazina siri. Nikiwa ndani napiga pasi niliwasikia majirani wakinijadili pale bombani, tena kwa Kiswahili, labda wapate kunisaidia nielewe. "Huyu ya Ekiru ni ya milima," mmoja akasema. "Mvua ikinyesha kwao, atakumbuka." Mwenzake akasema hata hivyo mimi bado si mke, kwa kuwa dume halijachinjwa. Hilo lilikuwa kweli. Kwa Waturkana ndoa ya kanisani ni jambo zuri, watu hupiga makofi, lakini mpaka ng'ombe dume wa harusi achinjwe mwanamke ni mgeni aliyekaa muda mrefu. Mama mkwe wangu, kule Lokiriama na mifugo yake, hakuwa amekanyaga mlangoni pangu. Na mimi niliitwa emoit, neno lile lile ambalo Mturkana humwita mgeni na humwita adui, na wewe uamue mwenyewe siku hiyo wewe ni yupi.

Sikukuu yetu ya kwanza kama mume na mke ilikuwa Pasaka, na niliipania. Nilitaka nyumba yetu iwe na mambo yake, watu waseme "kwa kina Ekiru Pasaka huwa hivi." Nikapata samaki wabichi waliotoka ziwani, nikawakaanga, nikawarosti kwa nyanya na vitunguu, nikatandika khanga mpya juu ya sanduku lililokuwa meza yetu. Ekiru alikula. Alikula polepole, akainua macho, akasema, "Ni chakula, Mwalimu," akanawa mikono, akatoka uani alikokuwa rafiki yake Lokwawi. Nikamsikia kupitia ukutani.

"Leo nimekula samaki," akasema kwa sauti ya chini.

Lokwawi akashangaa: "Wewe?"

"Mimi. Na usiseme kwa mama."

"Ni tamu?"

"Ni miba."

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba watu wa mifugo kama kina Ekiru humhesabu samaki kuwa chakula cha mtu aliyefilisika, asiyebakiwa na hata mbuzi. Nililala kitandani nikacheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Leo nikikumbuka naona kwamba mtu aliyemeza miba kwa ajili yako amekwisha kusema mengi, lakini msichana wa miaka ishirini na minne hasikii mambo ya namna hiyo. Anataka kuambiwa.

Agosti Ekiru akahamishiwa Kakuma, kwenye visima vya kambi ya wakimbizi, nami nikapata nafasi ya kufundisha shule ya msingi ya pale mjini. Tukapewa nyumba ya matofali ya saruji, vyumba viwili, na mlango wa chuma uliopakwa rangi ya buluu ukitazama laga ya Tarachi. Ng'ambo ya laga ndiko kambi ilikokuwa ikikua kila wiki, turubai baada ya turubai. Lodwar nililalamikia joto. Kakuma nikajua upepo. Ulianza asubuhi na kutwa nzima ukaleta mchanga, mchanga ndani ya kikombe, ndani ya sikio, ndani ya ugali, hata wanafunzi wangu walikuwa wakifuta ubao mara mbili, mara ya kwanza chaki na mara ya pili vumbi. Nilizoea kufunga mlango na kuvuta pazia tangu mapema. Ekiru akirudi kazini hupiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, nami namfungulia na kufunga haraka nyuma yake.

Mtu wa kwanza kuupigia hodi mlango ule asiyekuwa mume wangu alikuwa Keji. Alikuwa mwanamke wa Juba, makamo yangu, mkimbizi, mwenye watoto wawili na mume ambaye habari zake zilikuwa zimekatika njiani. Aliuza biskuti alizooka mwenyewe kwa makaa, kwenye debe la mafuta ya mgao alilolifanya tanuri, na shuka za kitambaa cheupe alizodarizi maua na ndege kwa uzi wa rangi, ambazo wao huziita milaya. "Salaam taki, Mwalimu," akasema, akaketi kizingitini, mguu mmoja ndani mwingine nje, upepo wote ukaingia naye. Nilinunua biskuti ili nipate kufunga mlango. Kesho yake akarudi, akaketi pale pale. Baada ya wiki mbili nikawa natazama saa nikitoka shuleni, nikihofia nimemkosa.

Alikuwa msemaji, Mungu ampe nguvu. Kiswahili chake alikiokota Kakuma na Kiarabu cha Juba kilimponyoka kila mara, lakini hakuna siku nilishindwa kumwelewa. Alinihadithia Krismasi ya kwao. "Juba ile siku mbele ya Krismasi mtu halali. Nachoma biskuti, napaka nyumba chokaa, nafua kitambaa. Asubuhi kila nyumba naweka meza hapa," akapiga kizingiti kwa kiganja, "hapa mlangoni. Mtu najua, mtu hajui, naingia, nakula biskuti moja, nasema Krismas said, natoka, naenda nyumba ingine." Nikamwuliza chakula chenyewe wanakula saa ngapi. "Kutwa mzima nakula, Mwalimu. Kidogo kidogo. Tumbo najaa bila kujua nani naijaza." Nami nikamwambia ya kwetu. Nyumbani kwa baba yangu Krismasi mlango ulifungwa tangu alfajiri. Mama na shangazi walipika, sisi watoto tulifukuzwa, na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuona meza kabla haijakamilika. Halafu wageni walikuja pamoja kutoka kanisani, wakasimama nje, wakapiga hodi, tukaitikia "karibuni" kwa sauti moja, na baba akaufungua mlango wote. Harufu ya pilau na kimanga iliwapiga usoni kwa mpigo. Keji alisikiliza kwa makini, akasema ni nzuri. Tulikuwa tunaelewana kila neno. Tatizo halikuwa la maneno.

Novemba ilinikuta nimechoka. Si kwamba Ekiru alinitenda vibaya, hakunitenda lolote. Alirudi, alikula, alisikiliza redio, alilala. Mama yake alikuwa hajaja. Wenzangu shuleni walikuwa wakipanga safari za nyumbani, maana Mkenya Krismasi ni kwenda kwao, na mazungumzo ya chumba cha walimu yalikuwa msafara wa Kitale tu, nani atapanda gari lipi na polisi watasindikiza siku gani. Jioni moja tukila githeri nikamwambia bila kuzungusha: nitaondoka na msafara wa baada ya Krismasi niende Taita, na shule zikifunguliwa Januari sijui kama nitarudi. Hapa ninakaa, nikasema, lakini sina nyumba. Hakuacha kutafuna. Akamaliza, akanywa maji, akaweka kikombe chini.

"Fanya Krismasi moja hapa," akasema. "Fanya vile unataka. Ukiona si nyumba, mimi mwenyewe nakupeleka mpaka Voi."

"Na mama yako?"

"Nitamwita. Akikataa, amekataa."

Basi ndivyo ilivyokaa. Krismasi moja, na juu yake tukaweka ndoa nzima. Nilipika kwa nia ya mtu anayefanya mtihani. Ekiru alikata tawi la mathenge, kwa kuwa Kakuma huo ndio mti usioisha, nikaupanda ndani ya debe la mchanga na kuupamba kwa pamba ya hospitali. Miiba yake ilinichoma kila kidole. Keji alinipa milaya yenye tausi wawili niitandike mezani. Niliwaalika watu wachache: Keji na wanawe, mwalimu mkuu wetu Bwana Wafula ambaye gari lake la kwenda kwao Kimilili liliharibika, na majirani wa upande wa laga. Nikawaambia waje mchana, baada ya kanisa. Wiki moja kabla, malaria ikaniangusha. Nilikaa kitandani siku kadhaa, na Keji akawa anakuja kuniletea uji na kunitazama kwa namna ambayo sikuipenda, namna ya mtu aliyewahi kuona wengi wakilala hivyo. Lakini kufikia mkesha niliweza kusimama.

Asubuhi yenyewe Ekiru alikunywa chai na kwenda stendi kumngojea mama yake, aliyekuwa amesema atakuja au hatakuja. Niliufunga mlango wa buluu. Nikafunga dirisha, nikavuta pazia. Nikakaanga, nikasukuma chapati, nikakoroga kimanga cha viazi na maharagwe, nikafunika kila sufuria kwa kitambaa dhidi ya vumbi. Nilipanga sahani juu ya tausi, nikaketi kwenye ukingo wa kitanda na aproni yangu, nikangoja hodi.

Kwanza nilisikia ngoma. Wakristo wa kambini siku ile walikuwa wanatembea kwa maandamano, wameinua misalaba, wanaimba kwa lugha zao, na Keji alikuwa ameniambia watapita kwangu. Ngoma ikavuka laga. Ikakaribia mpaka vikombe vikatetemeka juu ya meza. Halafu, ilipofika nyumbani kwangu, ikanyamaza. Nikasikia miguu mingi ikienda taratibu, na mbali kidogo, ilipokwisha kupita, ngoma ikaanza tena. Nilielewa jambo moja tu: nyumba zote wameziimbia, yangu wameiruka. Upepo ulikuwa ukiyagonga mabati na sikusikia kingine. Hapakuwa na hodi. Pilau likapoa, nikalipasha moto, likapoa. Malaria ilikuwa imeniacha bila nguvu, nikaegemea ukuta, nikawaza kwa utulivu kabisa nguo zipi nitabeba na zipi nitamwachia Keji. Sikulia. Nilijua jibu, na jibu likijulikana mtu hupumzika.

Yaliyokuwa yakitokea nje nimeyakusanya kwa miaka kutoka kwa kila aliyekuwepo. Keji alifika wa kwanza, debe la biskuti kichwani, watoto wamevaa nguo mpya na kofia za karatasi. Akaukuta mlango umefungwa na pazia limevutwa. Kwa watu wa Juba, mlango uliofungwa siku ya Krismasi una maana moja: nyumba hiyo ina kilio. Na kwenye kilio hawapigi hodi. Unakaa chini, unangoja mwenye msiba afungue mwenyewe akiwa tayari. Naye alikuwa ameniona kitandani na homa siku chache tu zilizopita. Akashusha debe, akalifunika kwa shali, akawavua watoto kofia, akaketi mchangani. Jirani akapita, akamwona Keji ameshika tama, akamwuliza kwa macho. Keji akaelekeza kidevu mlangoni. Jirani naye akaketi. Waandamanaji walipofika wakaona watu wamekaa chini, wakanyamazisha ngoma, na baadhi yao wakabaki. Bwana Wafula akaja amevaa tai, amebeba kreti ya soda begani. Mtu wa bara haulizi maswali matangani. Alivua kofia, akaificha soda nyuma ya nyumba, akasimama kando akianza kutafuta maneno, maana alijua hatimaye ataombwa kuzungumza. Baadaye alikiri kwamba alikuwa ameshafika kwenye "alikuwa mwalimu wa kupigiwa mfano." Katika miaka yote niliyofundisha chini yake, hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.

Basi mimi nikangoja wapige hodi, na wao wakangoja nifungue. Tungekaa hivyo mpaka jua litue, kila upande kwa adabu yake.

Ekiru akatokea upande wa stendi, mbele yake mbuzi wa sikukuu kwa kamba, nyuma yake mama yake, ambaye mwishowe alikuja. Akaukuta ua wake umejaa watu walioketi chini kimya, mlango wake umefungwa, na mkewe haonekani. Bwana Wafula akamwendea kwa mikono miwili. "Pole sana, ndugu yangu," akamwambia. "Jipe moyo."

Hapo ndipo nilisikia. Sauti haikuwa kubwa. Upepo ulikuwa umetulia kidogo, nami nikasikia mtu nje akisema, "Wakesho." Mara moja. Sikuitambua sauti, kwa sababu sikuwa nimewahi kuisikia ikiliita jina langu. Kisha ikasema tena, karibu zaidi, na safari hii ilikuwa imepasuka katikati, na ukafuata mkono ukipiga chuma cha mlango, si kama mtu anayebisha hodi, kama mtu anayetaka kuupitisha mwili wake. Nikainuka, unga mikononi, nikafungua. Nikaona ua mzima wa watu, nikaona wageni wangu wote, na hasira ya mchana kutwa ikanipanda.

"Mbona mmechelewa?" nikawauliza.

Mwanamke mmoja nyuma alipiga yowe na kukimbia. Keji akafunika uso kwa viganja na mabega yake yakaanza kutikisika, na mpaka leo hakumbuki kama alikuwa analia au anacheka. Ekiru aliketi pale pale kizingitini, mtu mrefu vile, akanishika kifundo cha mguu wangu kwa mkono mmoja. Akakaa hivyo akitazama mchanga. Nilisimama bila kujisogeza, aproni na unga, nikiwa nimeambiwa nililotaka kuambiwa.

Mbuzi alikuwa ameachiwa kamba na akapata akili ya kutoroka. Watoto wote wa ua wakamkimbiza kuelekea laga, na kelele zao ndizo zilizoturudisha duniani. "Mwalimu, mlango nafunga ya nini?" Keji akaniuliza akipangusa macho. "Krismasi mlango hapana kufunga. Mimi nasema kalas, Mwalimu mekufa."

"Nilikuwa nangoja mpige hodi."

"Nani napiga hodi kwa maiti?"

Ekiru akasimama. Akashuka lagani bila kumwambia mtu, nikadhani anamfuata mbuzi, akarudi amekumbatia jiwe jeusi kifuani, suruali imejaa mchanga. Akaufungua mlango mpaka mwisho, akaliweka jiwe. "Hii mlango, Krismasi, hakuna kufunga tena," akasema, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. "Mpaka siku mmoja wetu amekufa ya ukweli."

Upepo ukaingia na mchanga wake wote, ukapiga tausi wa Keji, ukaangusha pamba ya mathenge, na pilau letu lililiwa likisaga kidogo menoni. Keji akaisogeza meza mlangoni akapanga biskuti. Watu tusiowajua wakaingia, wakala biskuti moja, wakasema Krismas said, wakatoka. Mbuzi akapatikana, wanaume wakamchoma kando kwa taratibu zao. Bwana Wafula akaenda kuchukua soda zake nyuma ya nyumba. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya nyumba yangu, tumbaku niliyomwekea iko mkononi, ananitazama. Nilimsalimu, "Ejok," kwa Kiturkana changu cha kuungaunga, akaitikia, "Ejok-noi." Kisha akamwambia mwanawe maneno kadhaa bila kuniondolea macho. Nikamwuliza Ekiru amesema nini.

"Anasema alikuwa anangoja kuona kitu, na ameona," akajibu. Akatafuna kidogo. "Anasema dume litakuja."

Dume lilikuja mwaka uliofuata, lakini hiyo ni habari nyingine. Msafara wa Kitale uliondoka siku yake. Nilikuwa uani nafua milaya, nikasikia magari yakienda. Na tangu hapo, Kakuma miaka yote ile na baadaye Lodwar tuliporudi, kila Krismasi mlango umekuwa wazi. Hata Keji alipovuka mpaka wa Nadapal kurudi kwao, hakuacha kupiga simu asubuhi hiyo aulize jambo moja tu: "Jiwe iko?" Ekiru aliendelea kuniita Mwalimu siku zote nyingine. Krismasi, akishaliweka jiwe, aliniita kwa jina langu, mara moja, halafu akaomba chai.

Mwaka huu nilimpigia Mghoi nikamwambia jiwe litabaki lilipo. Nilikuwa na haki, maana Ekiru mwenyewe ndiye aliyeweka sharti. Alfajiri ya Krismasi nikaufunga mlango, nikavuta pazia, nikaketi kwenye ukingo wa kitanda. Sikuwa nimealika mtu. Nilisikia gari likisimama barabarani, nikasikia nyayo, chache kwanza kisha nyingi. Hakuna aliyebisha hodi. Hawakuniambia kitu kwa sauti, lakini nilijua wamekaa, na nilijua harufu ile iliyopita chini ya mlango: biskuti zilizookwa kwa makaa. Keji, bila shaka kwa simu ya Mghoi, alikuwa amesafiri kutoka Juba, kwa umri ule, aje akae mchangani mwangu. Safari hii hakukosea.

Nilikaa nao hivyo, wao nje na mimi ndani, mpaka mchana. Halafu nikaenda mlangoni, nikaweka kiganja kwenye mbao. Nikasema, "Ekiru." Nikasema tena. Siku ile alipoita yeye, mimi nilifungua. Nikangoja kidogo, kwa adabu.

Kisha nikafungua mwenyewe, nikainama, nikalisukuma jiwe.